Safari Isiyo na Msiba

Katika nchi yetu mtu mzima akionekana kituo cha mabasi na begi mkononi, wanaomfahamu humwuliza swali moja tu: "Kuna nini huko?" Hawamwulizi anakwenda kutazama nini, wala kama huko aendako kunapendeza. Huuliza kuna nini, maana inafahamika kwamba hapana aendaye mbali bila sababu, na sababu zenyewe zinahesabika: msiba, harusi, ugonjwa, shauri la shamba, na uhamisho wa kazi. Sisi wawili, mume na mke, tumefundisha shule za msingi katika Mkoa wa Mbeya kwa muda wa miaka 26, na katika muda huo tumesafiri si haba. Tumefika Songea, Sumbawanga, Dodoma, na mara moja tulifika hata Tanga. Lakini jioni moja tulipokaa kuzihesabu safari hizo, tuliona kwamba hatukuwahi kupanda basi pamoja kwa sababu ya kutaka kuwa pamoja.

Hesabu hiyo tuliifanya baada ya kitinda mimba wetu kwenda kidato cha tano katika shule ya bweni. Nyumba ilinyamaza. Tukagundua kwamba kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ya ada, mbolea, dawa za wazee na zamu za shuleni. Na mambo hayo yalipopungua, tulikaa mezani tukisikiliza vijiko. Hatukuwa na ugomvi. Yawezekana ugomvi ungalikuwa nafuu, kwa kuwa wagombanao hutazamana. Ndipo mmoja wetu aliposema, "Twende mahali." Na mwingine, bila kufikiri, akauliza, "Kuna nini?"

Wako ndugu watakaosema kwamba matembezi ya mume na mke ni mambo ya Kizungu, yaliyoletwa na sinema. Sisi hatukubali. Wenzetu wa pwani wana neno fungate, na maana yake ya asili ni zile siku saba ambazo bwana harusi na bibi harusi hukaa ndani pamoja, wakipikiwa na kutumikiwa, bila kudaiwa kazi yoyote na mtu yeyote. Neno hilo halikuletwa na meli kutoka Ulaya. Kwetu Rungwe nako liko neno ukwangala, ambalo Monica Wilson, mtaalamu wa Afrika ya Kusini aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1951. Ukwangala ni kustarehe katika ushirika wa watu, kula na kunywa na kuzungumza pasipo haraka, na wazee wetu waliuhesabu kuwa ndio utamu wenyewe wa kuishi. Ila desturi iliuweka ushirika huo baina ya watu wa rika moja, wanaume kwa wanaume wenzao, nao walijenga hata vijiji vyao kwa rika. Mwanamume aliyependelea kukaa jikoni kwa mkewe alitiliwa shaka. Basi twaweza kusema kwamba jambo tulilotaka kulifanya lilikuwa la kwetu kabisa, ila tulitaka kulifanya na mtu ambaye mababu hawakumtaja.

Fedha zilikuwa shilingi 200,000, zilizotokana na maparachichi, nazo zilikaa katika kopo la maziwa ya unga. Fedha hizo hazifiki Zanzibar, hata kwa mtu mmoja. Bagamoyo na Kilwa zilikuwa mbali mno kwa siku tatu. Mji wetu wa Mbeya tunaupenda, lakini kwa mambo ya kale ni mji kijana, uliozaliwa mwaka 1927 wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa, na tena hakuna kona yake ambayo hatujasimama kumsubiri mtu. Tulifikiria Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Lakini Matema tuna jamaa wengi, na mtu mwenye jamaa hapumziki, hupokelewa. Ikabaki Iringa. Iringa iko kilomita zaidi ya 300 kutoka kwetu, katika barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Reli ya TAZARA haipiti huko, hivyo safari ni ya basi. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, ilikaribia 80,000. Chumba tulikikadiria 25,000 kwa usiku mmoja. Zilizobaki, kiasi cha 70,000, zilikuwa za chakula, daladala na viingilio. Tulichagua mwezi wa Juni kwa kuwa shule zimefungwa na mvua zimekwisha. Kuhusu baridi ya Juni, watu wa Mbeya hatuna cha kufundishwa.

Fedha, hata hivyo, hazikuwa kikwazo kikubwa. Wiki mbili kabla ya safari ililetwa kadi ya mchango wa harusi ya binti wa mwalimu mwenzetu, na harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi ileile. Kadi ya wawili ilikuwa shilingi 100,000. Anayejua maisha ya mtaa wetu anajua kwamba mchango wa harusi si hiari, maana majina husomwa mbele ya kikao, na atakayekuwa mchoyo leo atazika peke yake kesho. Tuliliwaza jambo hili kwa siku tatu. Mwisho tulilipia kadi ya mtu mmoja kutoka kwenye mshahara, kopo la maparachichi hatukuligusa, nasi tukawaambia wanakamati kwamba tuna udhuru Iringa. Hatukueleza udhuru gani. Huko ndiko kukosea kwetu, kwa sababu Alhamisi usiku alikuja jirani yetu, mama mmoja mwenye moyo mwema sana, akiwa amejifunga khanga kiunoni na kukunja noti ya shilingi 5,000 kiganjani.

"Poleni," alisema. "Ni nani aliyetutoka?"

Hatukuweza kuipokea rambirambi ya mtu ambaye hakufa. Tulimweleza ukweli, tukiwa tumeinamisha vichwa kama wanafunzi waliokamatwa nje ya darasa. Akanyamaza kidogo. "Ninyi wawili tu?" akauliza. "Bila mtoto? Bila mgonjwa?" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na ile noti akaiweka mezani. "Basi mniletee kikapu," akasema.

Tuliondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Basi lilipita Uyole, likateremka katika nchi tambarare ya Usangu, kisha likapanda tena kuelekea Makambako na Mafinga, penye misitu ya misindano ya Sao Hill inayofuatana na barabara hadi macho yakachoka. Karibu na saa saba mchana, kilomita 20 hivi kabla ya mji wa Iringa, tulimwomba kondakta atushushe kwenye njia ya Isimila. Shauri hili twampa yeyote atokaye Mbeya na fedha kidogo: Isimila iko njiani, na atakayepitiliza mpaka mjini atalipa nauli nyingine ya kurudi.

Isimila ni korongo kavu. Zana za mawe zilionekana hapo mwaka 1951, na uchimbaji wa kitaalamu ukaanza mwaka 1957. Zikapatikana shoka za mkono, nyundo na visu vya mawe, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya paji. Watu walikaa hapo na kuchonga mawe hayo mamia ya maelfu ya miaka kabla ya Mhehe, Mnyakyusa au Mzungu kuwa na jina. Ng'ambo kidogo ziko nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na maji ya mvua, ndefu kupita nyumba, nasi tulizitembelea kwa njia nyembamba iliyo chini ya korongo. Hapo mmoja wetu, aliye mke, alisimama ghafula akauliza, "Kwa nini unatangulia daima?" Mume alitazama nyuma. Alikuwa mbele hatua ishirini, na hakuwa akifuata jambo lolote. Tulipohojiana tukaona kwamba ndivyo tulivyotembea tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwenda sokoni, kwenda kanisani, kwenda kuzika. Njia ilikuwa nyembamba, kwa hiyo hatukuweza kutembea sambamba. Basi akatangulia mke.

Jioni tulifika mjini tukatafuta nyumba ya kulala wageni maeneo ya Miyomboni. Kijana wa mapokezi alitutazama kwa makini, akatazama begi letu moja, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mnalala au mnapumzika?" Hatukuelewa. Mmoja wetu akajibu kwa unyofu kwamba tutalala, na pia tutapumzika. Kijana akashindwa kujizuia kucheka, ndipo tukatambua kwamba katika nyumba kama hizo kupumzika kuna bei yake kwa saa, na kwamba watu wawili wa makamo waingiao na begi moja hudhaniwa kila kitu isipokuwa mume na mke. Hili ni jambo la kufikiriwa. Nyumba za wageni katika miji yetu ni safi na bei zake zinafikika, lakini zimepewa sifa inayomfanya mwalimu wa kike apite mlangoni akiwa amefunika uso. Tulijaza daftari: jina, kabila, utokako, uendako, kazi. Penye sababu ya safari tuliandika "matembezi." Kijana akaisoma, akasema kwa heshima, "Karibuni sana, mzee na mama," na maji ya moto akayaleta mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Boma, jengo la zama za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni, na kwa hakika hatukuelewa kwa nini tulikuwa peke yetu humo isipokuwa wageni wawili kutoka nje. Sokoni, karibu na hapo, tulinunua kikapu cha jirani, kilichosukwa kwa milulu kama Wahehe wasukavyo, kizuri hata tukatamani kukibakiza. Mchana tulikula Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo watu wenye ulemavu hufanya kazi za mikono na mkahawa wake huhudumiwa na viziwi. Mteja huandika chakula atakacho kwenye karatasi. Tuliandikiana na sisi kwa sisi, kwa mchezo, na karatasi moja tuliirudisha nyumbani ikiwa mfukoni. Yaliyoandikwa humo si ya kuchapishwa.

Alasiri tulipanda daladala kwenda Kalenga. Hapa yafaa twende polepole, maana ndipo safari yetu ilipogeuka.

Kalenga ilikuwa ngome ya Mkwawa, na jina la Iringa lenyewe limetokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, askari wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliendelea kupigana akiwa msituni karibu miaka minne. Na tarehe 19 Julai 1898, alipokaribia kukamatwa, alijipiga risasi huko Mlambalasi. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka fuvu hilo lirudishwe, lakini miaka ikapita. Ilikuwa mwaka 1954 ambapo Gavana Edward Twining alilileta kutoka makumbusho ya Bremen, baada ya kulichagua miongoni mwa mafuvu mengine kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ukoo, na akalikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Fuvu liko Kalenga, ndani ya sanduku la kioo, katika nyumba ndogo. Mtu hulisogelea kadiri apendavyo.

Tulisimama hapo muda mrefu. Si mahali ambapo kijana angempeleka mchumba wake. Mwongoza wageni alipokwisha kueleza akatoka nje, na mke akasema, kama ajisemeaye, "Miaka 56. Wakahangaika mpaka wakamrudisha kwao." Kisha akauliza, "Na mimi, kwetu ni wapi?"

Ni lazima tueleze maana ya swali hilo. Tumebakiza miaka minne kabla ya kustaafu. Mume aliandaa zamani, kijijini kwa baba yake huko Rungwe, matofali 3,000 ya kuchoma, na msingi ulikuwa uchimbwe mwaka huo. Jambo hili tulikuwa tumelizungumza mara nyingi, yaani mume alizungumza, na mke akauliza habari za bati na saruji. Mume alidhani huko ndiko kukubali. Katika desturi yetu mwanamke aliyeolewa amekwisha kupata kwao, na kwao ni kwa mumewe. Atastaafu huko, atazikwa huko, na hapana aliyewahi kudhani kwamba kuna swali. Mke alitoka katika kijiji cha jirani, kilomita chache tu, lakini ndugu zake wamezikwa kule, wala si huku. Na miaka yake 26 ameiweka Mbeya, ambako wanawake anaofundisha watoto wao humwita kwa jina lake mwenyewe. Hakutaka kurudi kuwa mke wa fulani katika uwanja wa ukoo. Hakuwahi kulisema, kwa sababu, alivyoeleza, tulikuwa hatujawahi kukaa mahali ambapo hapana mtu wa tatu.

Mume aliudhika. Hatutaficha hilo. Tulirudi mjini tumenyamaza ndani ya daladala, tukashuka, na bila kushauriana tukaenda kwa miguu hadi Gangilonga, jabali kubwa lililo juu ya mji. Jina lake kwa Kihehe ni jiwe lisemalo, na wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikwenda hapo kutafakari, na kwamba hapo alipata habari za kuja kwa Wajerumani. Kupanda hakukutugharimu kitu. Mji wote unaonekana chini, na jua huzama upande wa pili wa bonde, na vijana wenye simu hupigana picha. Sisi tulikaa mpaka baridi ikatuondoa. Mume alisema mambo ya baba yake ambayo alikuwa hajawahi kuyasema kwa mtu, hasa hofu ya kuonekana mtoto aliyepotelea mjini. Mke hakumjibu kwa haraka. Hatukufikia uamuzi; tulikubaliana tu kwamba msingi usichimbwe mwaka huu. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo.

Ilibaki habari ya shangazi. Shangazi wa mume aliolewa Iringa zamani, sasa ni mjane, anakaa Kihesa, na tulikuwa tumekusudia kwa siri kupita mjini bila kumwona, maana tungemwambia mapema asingekubali tulale pengine. Lakini usiku ule haya zilitushika. Jumapili asubuhi tulinunua sukari, sabuni na mkate, tukapiga hodi mlangoni kwake. Alipotuona alishika kifua.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

Ilituchukua muda kumshawishi. Alipoamini alikaa chini, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko na kutusalimu upya kwa Kihehe, "Kamwene!" kana kwamba tumeingia mara ya pili. Hakutulaumu kwa kulala hotelini, kama tulivyoogopa. Aliuliza tulikwenda wapi, na tulipomtajia Kalenga alisema kwamba amekaa Iringa tangu ujana wake na hajawahi kuliona fuvu, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa akimwambia watakwenda wakipata nafasi. Hatukujua la kusema. Alitufungia maharage debe zima, ambalo lilitugharimu nauli ya mzigo hadi Mbeya, na hiyo haikuwa katika makadirio yetu.

Tulifika nyumbani saa tatu usiku. Katika kopo zilirudi shilingi 11,500. Asubuhi ya Jumatatu tulimpelekea jirani kikapu chake na maharage kidogo. Aliketi jikoni akitudadisi kwa utaratibu: basi gani, saa ngapi, chumba kina choo ndani, wanauliza nini mapokezi. Tulimweleza hata habari ya kulala na kupumzika. Alichukua kalamu ya mtoto akaandika nauli pembezoni mwa kalenda ya ukutani, na chini yake bei ya chumba. Mumewe alikuwa barazani akisikiliza mpira redioni, nasi tukasikia sauti ya redio ikipunguzwa.